Dafina na Mashine ya Kuitafutia: Sarafu za Kale, Sheria, na Historia ya Pwani Yetu

Mwezi wa Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk, Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mzee mstaafu aliyekuwa na mashine ya kutafutia metali ardhini, amsaidie kuitafuta. Mashine ikalia, lakini kilichotoka kwanza hakikuwa nyundo. Zilitoka sarafu za dhahabu na fedha, na vijiko vya fedha vya zama za Warumi. Lawes alichimba kidogo, kisha akaacha na kuwapa habari wanaohusika. Waakiolojia walikuja upesi wakaitoa dafina nzima kwa utaratibu: sarafu zaidi ya 14,000, pamoja na vyombo vya fedha na mapambo ya dhahabu, vitu vilivyofukiwa mwanzoni mwa karne ya 5 miladia, wakati utawala wa Kirumi ulipokuwa ukiporomoka katika kisiwa kile. Kwa kuwa Lawes hakuendelea kupekua, wataalamu waliweza kujua vitu vilikuwa vimepangwa vipi ndani ya sanduku la mbao ambalo lilikwisha kuoza. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa pamoja na dafina hiyo katika British Museum, London.

Katika vyombo hivyo vimo vikopo vinne vya fedha vya kutilia pilipili manga. Pilipili hiyo haikuota Ulaya. Ilitoka pwani ya Malabar, ikavushwa kwa upepo wa kaskazi hadi bandari za Bahari ya Shamu, kisha ikapita Misri. Kwa hiyo hata dafina ya shamba la Suffolk ina sehemu yake katika historia ya bahari yetu.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu shughuli ya kutembea mashambani na mashine ya kutafutia vitu vya kale imewavutia watu wengi Uingereza, na vijana wetu waliozaliwa huko nao wameanza kuipenda. Hilo peke yake si baya. Linalohitaji kuelezwa ni jambo la pili: baadhi yao huuliza kama wanaweza kuichukua mashine hiyo wanapokwenda likizo Pemba, Kilwa, Lamu au Oman, wakaitembeze katika magofu ya wazee wao. Makala haya yanajaribu kueleza namna mashine inavyofanya kazi, sheria inasemaje, imetufunulia nini katika historia yetu, na kwa nini chombo kinacholeta faida katika shamba la Kiingereza kinaweza kuleta hasara isiyolipika katika gofu la Kiswahili.

Mashine yenyewe

Mashine hii si uchawi wala haioni dhahabu. Chini yake ina duara lenye waya uliozungushwa. Umeme unapopita katika waya huo kwa kubadilika-badilika, hufanya nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hurudisha nguvu yake ya sumaku juu. Waya wa kupokea huihisi, na mwenye mashine husikia mlio. Mashine za kisasa huweza kupambanua kwa kiasi fulani baina ya msumari wa chuma na sarafu ya fedha, lakini hukosea mara nyingi. Sarafu moja ndogo kwa kawaida hupatikana katika kina cha shibiri moja hivi. Hadithi za mashine inayoonyesha dhahabu iliyo mita kumi chini ni maneno ya wauzaji.

Asili yake ni ya kitabibu na ya kivita. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu chombo cha namna hii kuitafuta risasi katika mwili wa Rais James Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Katika Vita Vikuu vya Pili afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, aliyekuwa Uingereza, alibuni kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini, kikatumika katika vita vya El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita raia nao wakapata vifaa vya aina hiyo, na kuanzia miaka ya 1970 vikawa vyepesi na vya bei nafuu, na watu wa kawaida wakaanza kuingia navyo mashambani.

Uingereza ilivyoamua

Mwanzoni waakiolojia na wenye mashine hawakuelewana kabisa. Hawa wakiwaita wale wezi wa historia, na wale wakiwaona hawa kuwa ni mabwana wakubwa wasiotaka mtu wa chini aguse kitu. Sheria ya zamani nayo ilikuwa na mushkeli: ilitaka ijulikane kama aliyefukia mali alikusudia kurudi kuichukua, au aliipoteza tu, au aliizika na maiti. Nani atamhoji mtu aliyekufa miaka elfu moja?

Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Septemba 1997 katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, iliondoa swali hilo. Kwa muhtasari, kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300, kisichokuwa sarafu, ikiwa angalau asilimia 10 yake ni dhahabu au fedha, ni hazina. Sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye umri huo, zikipatikana pamoja, ni hazina; zikiwa za shaba, ziwe kumi au zaidi. Mwaka 2023 sheria ilipanuliwa ili ihusishe pia baadhi ya vitu vya umri wa miaka 200 na zaidi vyenye umuhimu wa pekee katika historia, hata kama si vya dhahabu wala fedha. Aliyeokota ana siku 14 za kumpa habari koroneri, yule afisa anayechunguza vifo vya ghafla, ambaye kazi hii ya hazina ameirithi tangu karne za kati. Makumbusho yakikitaka kitu, hukadiriwa thamani yake, na malipo kwa kawaida hugawanywa baina ya aliyeokota na mwenye shamba. Kwa dafina ya Hoxne, iliyopatikana chini ya sheria ya zamani, Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, naye akamgawia mkulima.

Scotland ina sheria yake: huko vitu vyote vya kale vinavyookotwa ni vya Taji, na lazima viripotiwe. Jamhuri ya Ireland haimruhusu mtu kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila ya kibali.

Sambamba na sheria, Uingereza ilianzisha mwaka 1997 mpango wa kuandikisha hata vitu ambavyo si hazina: vifungo, bizimu, sarafu moja moja. Maafisa wa mpango huo wako katika kila pembe ya England na Wales, na vitu vilivyokwisha kuandikwa vimepita milioni moja na nusu, kila kimoja na mahali kilipookotwa. Kwa orodha hiyo wanahistoria wamechora ramani za masoko na njia ambazo hakuna kitabu kilichozitaja.

Wanaovunja amana hii huadhibiwa. Mwaka 2015 watu wawili walipata karibu na Leominster dafina ya wakati wa Waviking, wakaificha na kuanza kuiuza kidogo kidogo. Inakisiwa ilikuwa na sarafu 300 hivi. Zilizorudishwa kwanza zilikuwa 31 tu. Baadhi yake zinawaonyesha wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, wamekaa pamoja kama washirika. Kumbukumbu zilizoandikwa upande wa Alfred zilimdharau Ceolwulf, na sarafu zile ni shahidi wa kinyume. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu watu wale vifungo virefu. Lakini ushahidi wa sarafu zilizotawanyika hauwezi kurudishwa na hukumu ya hakimu.

Dirhamu katika udongo wa ugenini

Faida ya kazi hii kwa historia ya Waislamu na ya Bahari ya Hindi imekuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2007 baba na mwanawe walipata karibu na Harrogate, Yorkshire, chombo cha fedha kilichojaa sarafu 617 na vipande vya fedha. Hawakukipakua, walikipeleka kama kilivyo. Ndani yake, pamoja na pesa za wafalme wa Kiingereza, zilikuwamo dirhamu, zikiwemo zilizopigwa Samarkandi. Chombo kilifukiwa mnamo mwaka 927 au 928. Fedha ya nchi za Kiislamu ilipanda kwa njia ya mito ya Urusi hadi kwa Waviking, ikabadilishwa kwa ngozi za manyoya na watumwa, kisha ikavuka hadi Yorkshire.

Sweden wamepata nyingi zaidi. Mwaka 1999 mashine ilionyesha mahali pa dafina ya Spillings katika kisiwa cha Gotland: kiasi cha kilo 67 za fedha, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za Kiislamu. Imo pia dirhamu ya Wakhazari, waliokuwa wamefuata dini ya Kiyahudi, iliyoandikwa kwa Kiarabu kuwa Musa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Kipande hicho kimoja kimewapa wanahistoria kazi kuliko kurasa nyingi.

Na Marekani pia. Mwaka 2014, katika shamba la matunda huko Middletown, Rhode Island, mtafutaji mmoja aliokota sarafu ndogo ya fedha yenye maandishi ya Kiarabu. Ilipigwa Yemen mwaka 1693. Nyingine za aina hiyo zimepatikana Massachusetts na Connecticut. Maelezo yake yanaelekea kwenye jahazi kubwa la Mfalme Aurangzeb, Ganj-i-Sawai, lililotekwa mwaka 1695 na haramia wa Kiingereza Henry Every lilipokuwa likiwarudisha mahujaji Surat. Every alitoweka, lakini watu wake walionekana katika makoloni ya Amerika, na fedha ya mahujaji, kama dalili zinavyoonyesha, ikaingia katika masoko ya huko.

Sarafu zisizo na tarehe

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tangu Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotengeneza upya dinari mwaka 77 Hijria na dirhamu mwaka 79, sarafu ya Kiislamu kwa kawaida hutaja mwaka wake, na mara nyingi mji ilipopigwa. Dirhamu ya Samarkandi ukiiweka peke yake mezani bado inazungumza.

Sarafu za pwani yetu si hivyo. Masultani wa Kilwa walipiga shaba kwa maelfu. Upande mmoja una jina la mtawala na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, pande mbili zikioana kwa kina kama ubeti. Ni kazi nzuri, lakini sarafu hizo za shaba hazina mwaka. Tarehe yake iko katika udongo: katika tabaka ilimolala, na vigae, shanga na kaure zilizolala pamoja nayo. Anayeitoa shimoni bila ya kuandika hayo ameitoa bila ya tarehe.

Mfano mkubwa ni Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 uchunguzi wa akiolojia ulioongozwa na Mark Horton ulipata huko sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, akiwemo Ali bin al-Hasan. Kabla ya hapo Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Lakini pamoja na fedha ile ya Mtambwe zilikuwamo dinari chache za dhahabu za kigeni, zikiwemo za Makhalifa wa Kifatimiya, na hizo zina tarehe. Kwa ajili yake tunajua kuwa watawala hao walikuwapo katika karne ya 11 au kabla yake. Zaidi ya karne moja ya historia yetu ilirudishwa nyuma kwa dinari chache, na sababu ni moja: zilipatikana pamoja na zikaandikwa pamoja. Kama mtu na mashine yake angelitangulia, dhahabu ingeliuzwa kwa sonara, fedha ingelitawanyika kwa watalii, na sisi tungelibaki na hesabu ile ya zamani.

Mfano wa kinyume uko Australia. Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg, akiwa zamu katika Visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu tisa. Alizihifadhi katika kopo, na mwaka 1979 akazituma zichunguzwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko? Kwa merikebu ya Kireno, kwa wavuvi wa Makasar, au kwa mkono wa mkusanyaji wa karne za karibu? Alichoacha Isenberg ni alama ya msalaba katika ramani, na tangu hapo wataalamu wamekwenda na kurudi bila ya jawabu.

Upo na tofauti ya ardhi zenyewe. Vitu vingi vinavyookotwa Uingereza viko katika udongo wa juu ambao plau imeupindua kwa karne nyingi. Mpangilio wake ulikwisha kuvurugika, na mbolea za kisasa huila metali. Akiokota mtu na kuandika mahali, ameokoa kitu. Lakini Mtambwe, Ras Mkumbuu, Songo Mnara au Shanga hazijapita plau. Nyumba, msikiti na makaburi viko chini kidogo tu ya mchanga, kama vilivyoachwa. Songo Mnara sarafu zimepatikana penye makaburi, na inaonyesha ziliwekwa na watu waliokuja kuwakumbuka wafu wao. Ukiitoa pale, imekuwa kipande cha shaba.

Wala pwani yetu si ngeni wa uharibifu. Bakuli za kaure zilizopambia nguzo za makaburi zimebanduliwa moja moja, na leo mengi ya makaburi hayo yana matundu tu. Bara, watu wamechimba chini ya miti na majengo ya kale wakitafuta mali ya Mjerumani. Kwamba Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, Tabora, mwaka 1916, ni kweli. Zilikuwa kiasi cha 16,000. Kwamba kila gofu la boma lina sanduku lake linalolindwa na jini ni biashara ya waganga na ya wauza mashine.

Rikazi, lukata na amana

Wasomaji wengi watauliza fikihi inasemaje. Kwa jumla, mafakihi wanatenga mambo mawili. Rikazi ni mali iliyofukiwa kabla ya Uislamu, na hutolewa humusi, yaani moja katika tano; katika masharti yake madhehebu yamekhitilafiana. Mali yenye alama ya Kiislamu haihesabiwi rikazi. Hukumu yake ni ya lukata, kitu kilichopotea kwa mwenyewe, nayo hutangazwa kwa muda wa mwaka. Ikiwa mwenyewe au warithi wake wanajulikana, basi ni mali yao. Na katika yote hayo, ardhi ya mtu haiingiwi bila ya idhini yake. Atakayelinganisha ataona kuwa sheria ya Kiingereza na fikihi zinakutana katika msingi mmoja: anayeokota ana haki, lakini hana haki peke yake, na kuficha ni hiyana.

Hili la warithi linatugusa kwa karibu. Katika familia zetu yapo masimulizi ya bibi aliyefukia bangili na kidani chini ya mwembe au chini ya sakafu, usiku mmoja wa Januari 1964, akiamini atarudi baada ya siku chache. Hiyo si hazina ya kale, na asiifanye mtu pumbao la likizo. Ni amana yenye wenyewe, katika nyumba ambazo sasa wanakaa watu wengine ambao huenda hawajui lolote. Njia yake ni kuandika masimulizi hayo maadamu wanaoyakumbuka wapo hai, na kutafuta haki, kwa anayeitaka, kwa mazungumzo na kwa sheria. Shimo la usiku katika ua wa mtu huleta fitina tu.

Mwenye mashine afanye nini

Aliye England au Wales apate kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, kwa maandishi, na asikaribie maeneo ya kale yaliyohifadhiwa kisheria. Akiokota kitu, aandike mahali hasa kwa simu yake, asikisugue wala kukitia siki, na akionyeshe kwa afisa wa mpango wa kuandikisha. Mashine ikilia kwa nguvu mahali pamoja, na kikaanza kuonekana chombo au rundo la sarafu, aache, afunike, apige simu. Aliye Marekani ajue kuwa ardhi za serikali kuu, pamoja na mbuga za taifa, zinalindwa na sheria, mojawapo ni ile ya mwaka 1979 ya kuhifadhi mabaki ya akiolojia.

Anayekwenda nyumbani aiache mashine Uingereza. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na Oman ina Sheria ya Urithi wa Utamaduni iliyotolewa kwa Amri ya Sultani nambari 35 ya mwaka 2019. Kuchimba katika magofu ni kazi ya wenye kibali. Kijana mwenye hamu aende akajitolee katika uchimbuzi wa kitaalamu. Huko atafundishwa kusoma udongo.

Na kila nyumba yetu, iwe Maskati, Dubai, London au Toronto, ifungue kijaluba cha bibi. Mna mapesa ya shaba ya Sayyid Barghash, riale za Maria Theresa, rupia, na pengine kipande cheusi cha Kilwa ambacho mtu alikiokota ufukweni zamani. Kipigeni picha pande zote mbili, kipimeni uzito, na andikeni katika karatasi nani alikipata, wapi, na lini, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na sarafu, na nakala yake ipelekwe makumbusho.